Pipa la Sarafu Mlangoni pa Uwanja

Ukitaja Hiroshima kwa mtu yeyote wa kwetu, atakujibu neno moja tu: bomu. Hata sisi, akina mama watatu tuliokuwa Japani kwa mkutano na kubakiwa na siku mbili za kwetu wenyewe, tulipanda treni kwenda huko tukiwa tumejiandaa kulia. Tulibeba vitambaa vya mkononi. Hatukujiandaa kuvishwa kofia nyekundu.

Kofia hizo tulianza kuziona tukiwa bado ndani ya treni. Mzee mmoja alikuwa nayo, msichana wa shule alikuwa nayo, na mama mmoja aliyepakata mtoto alikuwa amemvika mwanawe fulana nyekundu yenye namba mgongoni. Tulidhani ni sikukuu. Binti aliyekuwa akitutafsiria alicheka, akatuambia kwamba jioni ile timu ya mji ilikuwa inacheza besiboli nyumbani.

Besiboli! Tuseme kweli, hakuna hata mmoja wetu aliyeujua mchezo huo. Lakini waliosoma shule za msingi nchini Kenya watakumbuka raunda waliyocheza wasichana: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo kabla mpira haujarudishwa. Besiboli ni ndugu yake mkubwa. Timu mbili zenye watu tisa tisa hupokezana kupiga na kulinda, kwa zamu tisa. Anayezunguka vituo vyote vinne bila kutolewa amepata alama moja. Mpigaji akiupeleka mpira nje ya uzio, yeye na wenzake wote waliokuwa vituoni hurudi nyumbani kwa mwendo wa polepole, hakuna wa kuwazuia. Ukijua hayo yanatosha kushangilia. Mengine tulielezwa, tukayasahau.

Asubuhi tulikwenda kwanza mahali ambako kila mgeni huenda. Kando ya mto limesimama jengo lililoachwa kama lilivyokuwa baada ya tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi: kuta zilizopasuka, na juu yake vyuma vya kuba vikiwa vitupu kama mbavu. Hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Katika jumba la makumbusho tulisimama mbele ya kibweta cha chakula cha mwanafunzi. Mama yake alikuwa amekijaza asubuhi ile, na chakula chote kimegeuka mkaa. Mwenzetu mmoja alitoka nje akakaa peke yake kwenye benchi, na hatukumfuata, maana sote ni wazazi.

Tulipomaliza tulivuka barabara ya tramu, na hapo binti yetu akatuonyesha uwanja mpana wazi, ng'ambo tu ya lile gofu. Hapo, alisema, ndipo ulipokuwa uwanja wa besiboli wa mji, tangu mwaka 1957 hadi timu ilipohamia uwanja mpya mwaka 2009. Tuliangalia kulia, tukaangalia kushoto. Nani hujenga uwanja wa michezo mbele ya kaburi? Na ni mama gani aliyefiwa angeweza kukaa hapo akapiga makofi? Tulimwuliza hivyo hivyo bila kupamba. Hakukasirika. Alituketisha kwenye mkahawa mdogo akaanza kusimulia, na mengi tunayowaandikia hapa tulianza kuyasikia pale, mengine tukayasoma baadaye.

Klabu ilianzishwa Desemba 1949, miaka minne tu baada ya bomu, wakati watu wengi bado walikuwa wanaishi katika vibanda vya mbao na mabati. Waliipa jina la Carp. Huyo ni samaki wa maji baridi ambaye Wajapani humsifu kwa kupanda mto dhidi ya maji yanayoshuka kwa nguvu. Ngome ya kale ya mji huo nayo iliitwa kwa jina la samaki huyo. Kila ifikapo tarehe 5 Mei, wazazi wa Japani hutundika nje ya nyumba bendera zenye umbo lake, wakiwaombea watoto wao wakue na nguvu. Kwa hiyo jina hilo lilikuwa karibu na akina mama tangu mwanzo.

Timu nyingine za kulipwa zilikuwa na matajiri nyuma yao: hii ya kampuni ya gazeti, ile ya kampuni ya reli. Carp haikuwa na tajiri. Ilikuwa timu ya mji, na mji wenyewe ulikuwa majivu. Kocha wake wa kwanza, Shuichi Ishimoto, alikuwa mwenyeji wa hapo hapo, mtu aliyewahi kuipa ubingwa timu kubwa ya Osaka kabla ya vita. Aliacha sifa hiyo akaja kukusanya vijana waliopatikana. Msimu wa kwanza, mwaka 1950, walishinda michezo 41, wakashindwa 96. Walikuwa wa mwisho kabisa katika ligi.

Mwaka uliofuata mambo yalizidi kuwa mabaya. Mishahara ya wachezaji haikulipwa. Machi 1951 wakubwa wa klabu walikata shauri kwamba haiwezekani tena, na kwamba Carp imezwe na timu nyingine, Taiyo ya mji wa Shimonoseki. Habari zilipotoka, watu wa Hiroshima walikataa. Ishimoto naye alikataa. Akaanza kuzunguka, shuleni, viwandani, katika mikutano ya mitaa, akiwaeleza watu shida ya timu yao bila kuficha aibu. Wakati mwingine aliacha mchezo wenyewe mikononi mwa msaidizi wake, Katsumi Shiraishi, naye akaenda kuomba.

Na hapo ndipo linapokuja lile pipa. Mlangoni pa uwanja waliweka mapipa ya mbao, yale makubwa ya kuwekea pombe ya mchele, ili kila aingiaye atumbukize alichonacho. Sarafu, noti ndogo ndogo, chochote. Mpaka leo mtu wa Hiroshima akisema “mchango wa pipa” kila mtu anajua anazungumzia nini. Fedha hizo hazikuwa nyingi ukizigawa kwa watu, lakini timu ilibaki. Haikuuzwa wala haikumezwa.

Hapo sisi wenyewe tuligawanyika. Mwenzetu mmoja, ambaye ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama nyumbani, alisema waziwazi kwamba yeye asingetoa hata senti. Mtoto hana viatu, nyumba haina paa, halafu nichangie watu wazima wanaokimbizana na mpira? Mwingine alimjibu kwamba hata sisi tunachanga harusi tukiwa na madeni. Tulibishana hadi chai ikapoa. Binti yule alitusikiliza tu. Mwishowe alisema kwamba watu waliotoa walikuwa wamezika jamaa zao, na kwamba kila kitu walichokuwa nacho kabla ya bomu kilikuwa kimeondoka. Carp ilikuwa kitu cha kwanza kilichokuja baada yake. Mweka hazina wetu hakusema kitu, lakini tulimwona kwamba hakukubali bado.

Pipa halikusaidia mishahara tu. Mwaka 1953 wapenzi wa timu walichanga ili kuleta wachezaji kutoka Marekani, vijana wa ukoo wa Kijapani. Wawili kati yao walikuwa ndugu, Kenshi na Kenso Zenimura. Baba yao, Kenichi, alizaliwa Hiroshima mwaka 1900 akahamia Marekani. Wakati wa vita serikali ya huko ilimfungia yeye na familia yake katika kambi jangwani Arizona, pamoja na Wajapani wengine maelfu, na huko kambini aling'oa vichaka akatengeneza uwanja wa besiboli ili watu wapate pa kupumulia. Sasa wanawe walirudi kuchezea mji alikozaliwa. Umati mkubwa ulijipanga barabarani kuwapokea.

Julai 1957 ulifunguliwa uwanja wenye taa, uliojengwa kwa fedha zilizotolewa na makampuni ya mji. Ndio huo uliokuwa ng'ambo ya gofu. Toka siku hiyo, mtu aliyeketi jukwaani usiku aliweza kusikia kelele za furaha mahali ambapo palikuwa kimya kabisa miaka kumi na miwili nyuma. Lakini jambo moja walilishika. Tarehe 6 Agosti timu haikucheza nyumbani. Tangu 1958 siku hiyo mji ulibaki na maombolezo yake, mpaka mwaka 2011 ulipofanyika tena mchezo jioni ya tarehe hiyo, katika uwanja mpya, na ukafanywa kuwa mchezo wa kuombea amani.

Kuhusu ushindi, hapakuwa na wa kusimulia kwa miaka ishirini na mitano. Carp walizoea nafasi za chini kama sisi tunavyozoea mvua ya masika. Mwaka 1975 alikuja kocha Mmarekani, Joe Lutz. Yeye ndiye aliyebadili kofia zikawa nyekundu, rangi ya moyo wa kupigana. Watu walicheka, wanaume wazima na kofia nyekundu! Baada ya majuma machache tu aligombana na mwamuzi, wakubwa wa klabu wakaingilia, naye akafunga mizigo akarudi kwao. Kofia zilibaki. Takeshi Koba akashika uongozi, na timu ikaanza kushinda.

Tarehe 15 Oktoba 1975, huko Tokyo, Carp walikutana na Giants, timu tajiri na maarufu kuliko zote nchini. Mchezo ulikuwa bado haujaamuliwa hadi zamu ya tisa, ndipo Mmarekani Gail Hopkins alipoupeleka mpira nje ya uzio na kuleta alama tatu kwa pigo moja. Wakashinda 4 kwa 0. Ubingwa wa ligi ulikuwa wao kwa mara ya kwanza. (Hopkins, kwa wanaopenda kujua, alirudi Marekani akawa daktari wa mifupa.)

Siku chache baadaye wachezaji walipita kwa magari katika barabara pana iitwayo Barabara ya Amani. Watu wapatao laki tatu walitoka kuwaona. Na katika umati ule, binti yetu alitueleza, walikuwepo walioinua picha zilizotiwa fremu: picha za marehemu wao. Waliwaleta jamaa zao waje waone.

Hapo mweka hazina wetu alifungua mkoba wake akatafuta kitambaa. Hakusema kwamba ameshindwa katika ubishi, na sisi hatukumwuliza.

Mwaka ule walishindwa fainali ya taifa, dhidi ya Hankyu Braves, bila kushinda hata mchezo mmoja. Ubingwa wa taifa ulikuja mwaka 1979, na kuna zamu moja ambayo Wajapani wanaisimulia hadi leo. Ulikuwa mchezo wa saba na wa mwisho, Osaka, tarehe 4 Novemba. Carp walikuwa mbele 4 kwa 3. Katika zamu ya tisa mrushaji wao, Yutaka Enatsu, alijikuta ana wapinzani watatu vituoni na hajatoa mtu hata mmoja. Pigo moja zuri, kila kitu kimepotea. Aliwatoa wote, kwa mipira 21, na mmoja kati ya hiyo aliirusha kando makusudi baada ya kuona kwamba mpinzani alikuwa anataka kuugusa mpira kwa ujanja ili mwenzake akimbilie nyumbani. Carp walichukua ubingwa huo tena mwaka 1980, na tena 1984.

Lakini mchezaji aliyetugusa zaidi ni Sachio Kinugasa. Alizaliwa Kyoto mwaka 1947. Mama yake alikuwa Mjapani, baba yake askari Mmarekani mweusi. Wenye watoto wanaofanana na wachache na kutofautiana na wengi wanajua kijana kama huyo alipita wapi katika Japani ya miaka ile. Alipofika Hiroshima alipendwa, na akaulipa mji kwa kutokosa kazini. Kuanzia Oktoba 1970 hadi alipostaafu mwaka 1987 hakukosa mchezo hata mmoja: michezo 2,215 mfululizo. Tarehe 13 Juni 1987 aliipita rekodi ya dunia ya Mmarekani Lou Gehrig, ambayo ilikuwa 2,130.

Agosti 1979 mpira ulimpiga ukavunja mfupa wa bega. Kesho yake aliingia uwanjani kama mpigaji wa akiba. Alipewa mipira mitatu, akalizungusha gongo mara tatu kwa nguvu zote, akakosa mara tatu, akatoka. Inasemekana alieleza kwamba la kwanza lilikuwa la mashabiki, la pili lake mwenyewe, na la tatu la yule mrushaji aliyemwumiza, ili asiendelee kujilaumu. Sisi tunaokwenda kupika tukiwa na homa tulicheka kidogo, maana sehemu ya kwanza tunaijua. Ile ya tatu ndiyo ngumu. Mwaka 1996, Mmarekani Cal Ripken alipoipita rekodi yake, Kinugasa alikuwepo uwanjani kumshuhudia. Alifariki Aprili 2018.

Jioni tuliandamana na mto wa watu wekundu kutoka stesheni hadi uwanja mpya. Ni mwendo wa miguu wa dakika kama kumi, na akina mama ni wengi kuliko tulivyotegemea. Hapo Japani wasichana na wanawake wanaoipenda timu hii wamepewa jina lao maalumu, na mwaka 2014 klabu iliwalipia zaidi ya mia moja wao nauli ya treni ya kasi kutoka Tokyo ili waje waone mchezo nyumbani. Uwanja wenyewe unaitwa kwa jina la Mazda, kampuni ya magari ya mji huo. Ndiyo, ndugu zetu: yale magari madogo yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yameshatumika, chimbuko lake ni hapa. Tuliliona jina hilo ukutani tukajisikia kama tumekutana na jirani.

Tuliketi karibu na bibi mmoja mfupi aliyekuja na mjukuu wake. Alitazama nywele zetu wazi, akafungua mfuko wake, akatoa kofia mbili na kitambaa kimoja chekundu, akatuvika bila kuuliza. Kisha akatufundisha kushangilia kwa mtindo wao: mstari mmoja unasimama, mwingine unachuchumaa, kisha mnabadilishana, mkipiga mayowe kwa mapatano. Baada ya zamu mbili magoti yetu yalikuwa yanalia. Ya bibi hayakuwa na neno.

Yeye ndiye aliyetusimulia juu ya Hiroki Kuroda, na alisimulia kama mtu anayezungumza juu ya mwanawe. Kuroda alilelewa na Carp, akaenda Marekani akapata jina na fedha nyingi sana. Mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka arobaini, aliacha fedha kubwa zaidi za Marekani akarudi Hiroshima. Mwaka ule huo alirudi pia Takahiro Arai, mzaliwa wa mji, ambaye watu walikuwa wamemkasirikia alipohamia timu ya Hanshin. Tarehe 10 Septemba 2016, Tokyo, mbele ya Giants wale wale, Kuroda ndiye aliyeanza kurusha. Walishinda 6 kwa 4 wakawa mabingwa wa ligi baada ya miaka 25. Wanaume hao wawili wenye umri wao walikumbatiana uwanjani wakalia machozi mbele ya taifa zima.

“Na wewe, bibi, ulikuwa wapi siku hiyo?” tulimwuliza.

Alikuwa nyumbani, alisema, mbele ya televisheni, na picha ya mama yake aliiweka karibu ili naye aone. Tukamwuliza kama mama yake aliwahi kuchangia pipa. Alitikisa kichwa kwamba ndiyo, akaonyesha kwa vidole viwili ukubwa wa sarafu: ndogo. Alikumbuka kuinuliwa juu na mama ili aitumbukize mwenyewe, na sauti yake ilipogonga mbao.

Mchezo ule Carp walishindwa. Watu walikunja vitu vyao, wakaokota takataka zao, wakatoka kwa utaratibu, na wengine walikuwa wanaimba bado. Tulipotaka kurudisha kofia bibi alikataa kabisa, akatusukuma mikono.

Asubuhi treni ilipoanza kuondoka tuliuona uwanja dirishani, karibu kabisa na reli, na majani yake ya kijani. Wafanyakazi wawili walikuwa wanamwagilia maji. Mweka hazina wetu alikuwa bado amevaa kofia yake. Alisema anampelekea mwanawe, ila kwa sasa mizigo imejaa.